Mtumwa, Mtume na Mtumishi

Katika lugha yetu yako maneno matatu yaliyozaliwa na kitenzi kimoja, lakini hayakulelewa katika nyumba moja. Kitenzi ni kutuma. Kwa kitenzi hicho tumepata mtumwa, mtume na mtumishi. Wawili wa kwanza, kwa haki ya sarufi, ni mtu mmoja. Mtumwa ni aliyetumwa. Na mtume pia ni aliyetumwa, kwa kuwa majina ya namna hii yaishiayo na -e humwonyesha mtu aliyetendwa, kama mshinde alivyo mtu aliyeshindwa na mteule mtu aliyeteuliwa. Desturi haikuridhika na haki ya sarufi. Ilimchukua mmoja ikamweka juu ya mimbari. Ikamchukua wa pili ikamtia kamba shingoni. Wa tatu, mtumishi, ametoka katika kutumika, kwa njia ile ile ambayo kupika kulimtoa mpishi na kuandika kukamtoa mwandishi. Yeye si mtendwa ila mtenda. Mpishi hupika, mwandishi huandika, na mtumishi hutumika; na kutumika huko ni tendo lake mwenyewe.

Naanza na sarufi kwa sababu ndiyo kazi inayonipa chakula, lakini pia kwa sababu swali ninalotaka kulipima limejificha ndani yake. Dini ya Kikristo hufundisha kwamba mtu aliyewekwa huru na Mungu amewekwa huru ili awatumikie wengine pasipo kujitafutia faida. Katika sura ya tano ya waraka wake kwa Wagalatia, Paulo anauonya uhuru usigeuke kuwa ruhusa ya kufuata tamaa, na papo hapo anauelekeza kwa jirani. Neno la Kigiriki alilolichagua ni kali kuliko linavyosikika katika tafsiri nyingi, maana lina shina moja na doulos, yaani mtumwa. Aliwaambia watu huru wawe watumwa, kila mmoja kwa mwenziwe. Wafasiri wa Kiswahili walipofika mahali hapo walipata msaada usiopatikana kwa urahisi katika lugha za Ulaya, nao ni kile kiambishi chetu cha -ana. Kutumikiana ni tendo lisiloweza kutendwa na mtu mmoja. Palipo na mmoja atumikaye siku zote na mwingine atumikiwaye siku zote, hapana kutumikiana, hata kama upendo umejaa midomoni mwa wote wawili.

Basi sina ugomvi na fundisho lenyewe. Naliona kuwa moja katika mawazo makubwa kabisa ambayo mwanadamu amepata kuyafikiri juu ya uhuru, kwa kuwa linakataa kuufanya uhuru kuwa ua wa kujifungia. Swali langu ni la msemaji. Ni nani mwenye haki ya kulitamka? Je, mtu anayetumikiwa aweza kumgeukia yule amtumikiaye na kumwambia kwamba uhuru wa kweli ni utumishi?

Mwaka 1520, katika mji wa Wittenberg, Martin Luther, wakati huo mtawa wa Mtakatifu Augustino na mwalimu wa chuo kikuu, alitoa kitabu kidogo juu ya uhuru wa Mkristo. Alikiandika kwa Kijerumani na kwa Kilatini, akakifuatanisha na barua kwa Papa Leo wa Kumi. Hoja ya kitabu ina pande mbili zinazoonekana kugombana. Kwa upande wa imani, Mkristo hana bwana miongoni mwa viumbe; kwa upande wa upendo, hakuna kiumbe ambaye Mkristo si mtumishi wake. Wengi wamelifurahia fumbo hili kwa uzuri wa umbo lake, wakakisahau kiungo kinachozishika pande mbili zisiachane.

Kiungo chenyewe ni hiki. Mtu anayedhani kwamba wema wake ndio utakaomwokoa hawezi kumtendea jirani wema ulio safi. Akimpa maskini mkate, mkono mmoja unatoa na mkono wa pili unaandika katika daftari la mbinguni. Maskini huyo amekuwa ngazi ya kupandia peponi, na ngazi haipendwi, hukanyagwa. Lakini mtu aliyesadiki kwamba amekwisha kupewa kila kitu bure, daftari lake limefungwa. Hana deni la kulipa wala fungu la kujiwekea, na mikono yake yote miwili imebaki haina kazi ya kujifanyia yenyewe. Mikono hiyo sasa ni ya jirani. Kwa maneno mengine, kujitoa kwa ajili ya wengine pasipo ubinafsi si sharti la uhuru, ni jambo lisilowezekana mpaka uhuru uwe umekwisha kuja. Mfungwa hutoa kwa hofu na mfanyabiashara hutoa kwa hesabu. Mtu huru peke yake ndiye awezaye kutoa tu.

Nakiri kwamba kila nikilisoma wazo hili naliona jipya. Na kwa kuwa naliona hivyo, ndiyo maana linaniuma jambo lililofuata baada ya miaka mitano.

Mapema mwaka 1525, wakulima wa kusini mwa Ujerumani walikutana katika mji wa Memmingen wakaandika madai yao katika ibara kumi na mbili. Ibara ya tatu ilihusu ile hali ya mkulima kumilikiwa na bwana wa ardhi, asiweze kuoa wala kuhama pasipo ruhusa. Walisema kwamba Kristo aliwakomboa watu wote kwa damu yake, mchungaji wa mifugo sawasawa na mkubwa wa wakubwa, na kwa hiyo haifai wao kuwa mali ya mtu. Hawakusema kwamba hawataki kutawaliwa. Walisema kwamba watawatii wenye mamlaka, lakini kama watu huru. Kwa akili yangu, walikuwa wamekisoma kile kitabu vizuri, au walikuwa wameusikia uvumi wake kwa usahihi.

Luther aliwajibu. Kwanza, na tumpe haki yake, aliwakemea mabwana kwa ukatili na tamaa yao. Kisha akawageukia wakulima akawaambia kwamba wanaufanya uhuru wa Kikristo kuwa kitu cha mwili. Kwamba mtumwa aweza kuwa Mkristo na kuwa na uhuru wa Kikristo, kama vile mfungwa au mgonjwa awezavyo kuwa Mkristo ijapokuwa hawezi kwenda atakako. Vita vilipowaka aliandika maneno makali zaidi, akiwahimiza wakuu wawapige waasi pasipo huruma. Makumi ya maelfu ya wakulima waliuawa kabla mwaka ule haujaisha.

Watu wa elimu ya dini watanieleza, na wengine wamekwisha kunieleza, kwamba Luther hakujipinga. Kwamba uhuru aliousema tangu mwanzo ulikuwa wa rohoni. Yumkini. Lakini tazama mahali alipokuwa amesimama wakati wa kusema. Mwaka 1520 alikuwa mtu aliyewindwa, akiwaambia Wakristo wote, pamoja na Papa, kwamba aliye bwana wa vyote hana budi kuwa mtumishi wa wote. Mwaka 1525 fundisho lile lile lilipita katika kinywa kile kile, lakini sasa lilishuka kutoka upande wa majumba kwenda upande wa mashamba. Maneno yalibadilika kidogo sana. Kilichobadilika ni upande wa mteremko, nako kulitosha kuyageuza.

Tukirudi kwetu, pwani ya Afrika Mashariki iliupata mtihani huu kwa namna yake. Hapa kinyume cha mtumwa hakikuwa mtu huru tu, kilikuwa mwungwana. Mwungwana alikuwa mtu wa nasaba, mtu wa adabu, mwenye kauli njema na mavazi safi, asiyebeba mzigo wala kushika jembe la mtu mwingine. Lugha ilikuwa imeufunga uhuru pamoja na kutotumwa. Mpaka leo kijana akikasirika nyumbani husema hataki kutumwa-tumwa, na katika hasira yake hiyo ndogo mna historia ndefu kuliko anavyojua. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Miaka hiyo si mbali. Babu zetu waliketi baraza moja na wazee walioionja hali ile.

Kabla ya sheria hizo, misheni za Kikristo zilikuwa zimeanzisha vijiji vya watu waliokombolewa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868. Chama cha CMS kilianzisha Freretown, jirani na Mombasa, mwaka 1875. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliwapeleka bara watu waliokombolewa, akitaka wafike karibu na Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao, nao wakaweka makao Masasi. Ni jambo la heshima kubwa, na sitaki kulipunguza. Watoto walioshushwa kutoka majahazini bila hata mtu wa kuwataja kwa jina walipewa nguo, chakula, kazi ya mikono na kitabu.

Lakini jaribu, msomaji, kuketi katika kanisa la Freretown, katika nafsi ya mtu aliyevuka bara kwa miguu akiwa amefungwa, na ambaye sasa anaambiwa kwamba amekuwa huru. Anajua maana ya neno hilo: asitumwe tena. Asubuhi kengele inalia, naye anakwenda kazini kwa amri. Husemwa kwamba kengele ile iliwekwa ili kuwaonya wanakijiji wakati majahazi ya wateka watu yalipokaribia, nayo inakumbukwa hivyo pale Kengeleni, mahali palipopata jina lake kwa kengele hiyo. Bila shaka ililinda. Lakini kijiji cha misheni kiliishi kwa saa na kwa amri, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 malalamiko juu ya viboko walivyopigwa watu wa Freretown yalifika mpaka Uingereza. Jumapili mtu huyo anahubiriwa kwamba uhuru wa Mkristo ni kutumika. Atasikia nini? Mhubiri anasema habari za Kristo. Masikio yanasikia sauti ya bwana wa zamani. Wala masikio hayana kosa. Yalikuwa yamefundishwa kwa gharama kubwa kutambua sauti ya mtu ambaye utumishi wako humfaa yeye.

Walakini katika vijiji hivyo hivyo walitoka watu waliolichukua fundisho hilo wakalifanya lao. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyekombolewa utotoni na kusomeshwa Kiungani, Unguja. Mwaka 1890 alipata upadre, wa kwanza kwa Waafrika katika misheni ya UMCA. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, katika nchi iliyo kaskazini ya mto Ruvuma, kwa Wayao wenziwe. Mtoto aliyepelekwa pwani kama bidhaa alirudi bara kama padre. Alitumwa mara zote mbili. Mara ya kwanza neno lililomfaa lilikuwa mtumwa, na mara ya pili mtume, na tofauti ya maneno hayo mawili imo katika kitu kimoja tu, kwamba mara ya pili alikuwako mtu wa kujibu ndiyo.

Mtu wa kujibu ndiyo hana budi kuwa mtu awezaye kujibu la. Kwa jambo hili namjua shahidi mmoja aliye bora kuliko hoja. Alizaliwa Darfur, katika Sudani, yapata mwaka 1869, akatekwa angali mtoto, akauzwa mara kadhaa, akapigwa na kuchanjwa mwili. Jina alilopewa na wazazi wake lilimtoka kabisa katika kumbukumbu kwa hofu. Waliomteka walimwita Bakhita, jina la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati, na neno letu bahati ni ndugu yake. Balozi mdogo wa Italia alimnunua Khartoum mwaka 1883, kisha akaenda naye Italia, na huko akapewa familia nyingine awe yaya wa mtoto wao. Familia ilipokuwa na shughuli Sudani, yeye na mtoto waliwekwa kwa masista wa Canossa katika mji wa Venice. Bibi wa nyumba aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kwenda.

Alisema la. Hakuwa na mali, hakuwa na jamaa, na mtoto aliyemlea alikuwa akimpenda. Bibi alikasirika, wakubwa wa Kanisa na wa serikali wakaingia kati, na tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba yeye ni mtu huru, afanye atakalo. Alilotaka ni kubaki. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akawekwa nadhiri mwaka 1896, na kwa miaka mingi katika mji wa Schio alipika, alishona, alitunza vyombo vya kanisani na alifungua mlango wa nyumba ya watawa kila mtu alipobisha. Alifariki tarehe 8 Februari 1947, na mwaka 2000 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Ukiitazama ratiba yake ya kila siku, kazi za Schio hazikupishana sana na zile alizozifanya kwa mabwana zake: jiko, sindano, mlango. Mtu anayepima maisha kwa kazi za mikono atasema hakupata kitu. Lakini baina ya jiko la kwanza na jiko la pili limesimama lile neno moja alilolisema Venice. Kwa neno hilo upishi wake uliacha kuwa wa mtumwa ukawa wa mtumishi. Lau asingalikataa, tusingalijua kamwe kama alikubali.

Uzeeni mwake, inasimuliwa, alisema kwamba angekutana na watu waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, kwa kuwa pasipo wao asingalimjua Kristo. Nimesikia maneno hayo yakitajwa katika mahubiri kwa watu wenye shida ili wanyamaze. Ni matumizi mabaya sana. Yeye aweza kuyasema, maana ni jeraha lake. Fikiri yule mtekaji ndiye angeyasema: kwamba mateka amshukuru kwa kumleta kwenye neema. Hapana kanisa duniani ambalo lingestahimili kuyasikia, ingawa habari ni ile ile.

Paulo mwenyewe aliijua tofauti hii, na ndiyo sababu naupenda waraka wake kwa Filemoni kuliko nyaraka zake nyingi ndefu. Filemoni alikuwa bwana. Onesimo alikuwa mtumwa wake, aliyekuwa sasa pamoja na Paulo kifungoni. Waraka una ukurasa mmoja tu. Ndani yake Paulo anaeleza kwamba angeweza kumwamuru Filemoni, lakini hapendi. Anataka wema wa Filemoni utoke katika hiari, usiwe kama kitu kilichonyang'anywa. Anamrudishia Onesimo, na huyu apokewe kama ndugu mpendwa. Na kama ana deni, lihesabiwe juu ya Paulo, naye ameliandika jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe.

Wasomaji wengi humlaumu Paulo kwa kuwa hakusema waziwazi kwamba utumwa ufutwe. Lawama hiyo ina uzito, na waliotetea utumwa katika Marekani waliutumia waraka huu kuwarudisha waliotoroka. Lakini tazama mambo mawili ambayo watetezi hao waliyaruka. Wito wa kujinyima haukupelekwa kwa mtumwa. Ulipelekwa kwa bwana. Onesimo hahubiriwi neno hata moja katika waraka mzima juu ya uzuri wa kutumika. Na mwenye kuutoa wito huo ni mtu aliye katika minyororo, tena anajitwisha deni la mwingine anapomwomba Filemoni alegeze mkono.

Hapa nimepata kipimo ninachokitumia, na sijakiona bado kikinidanganya. Mtu akikuita kwenye utumishi, utazame mzigo. Wito ukisha kutiiwa, mzigo wake yeye msemaji utakuwa umeongezeka au umepungua? Kama umeongezeka, msikilize, maana huenda anasema kwa Mungu. Kama umepungua, anasema kwa ajili ya mabega yake.

Yako mapingamizi. Mtu ataniambia kwamba kutumikiana hakupimwi kwa mizani. Mama humtumikia mtoto mchanga asiyeweza kumrudishia kitu, na mwana humwosha baba aliyepooza asiyeweza hata kushukuru. Ni kweli, na huo ni utumishi safi kuliko wote. Lakini mtoto mchanga hahubiri. Hulia, na kilio ni ombi. Haja yaweza kuomba wakati wowote, hata kwa kelele, na mwenye uhuru ataitikia. Raha haiwezi kuhubiri. Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: kama kila mtumishi atasubiri kwanza aulizwe na athibitishe uhuru wake, miguu mingi itabaki haikuoshwa, na yule ajihesabiaye haki kila saa amekwisha kurudi kwenye daftari alilolifunga Luther. Hili halina jibu jepesi. Nasema tu kwamba kuhesabu haki yako mwenyewe na kuhesabu haki ya mwenzako ni mambo mawili. Mtumishi asihesabu. Atumikiwaye na ahesabu kwa niaba yake, kila siku, mpaka aone haya.

Katika makanisa mengi ya nchi zetu siku hizi, Mtumishi limekuwa jina la cheo. Mtumishi amefika, Mtumishi apewe kiti, gari la Mtumishi lisizuiwe njia. Sicheki, maana lugha ina njia zake za kulipiza kisasi. Neno lililokuwa la mtenda limevikwa joho, na atendaye hana neno tena. Anaitwa dada wa kazi, anaitwa kijana, au haitwi. Hata wakubwa wa serikali ni watumishi wa umma, na umma hupanga foleni juani kuwangoja watumishi wake.

Katika mtaa ninaokaa, msiba ukitokea kwa mmoja wa waumini, wanawake wale wale hukesha jikoni. Wanaume hukaa chini ya turubai na mchungaji husema nao habari za kubebeana mizigo, na kabla ya dua ya mwisho huwashukuru akina mama kwa moyo wao wa kujitolea. Mmoja wao ni jirani yangu, mtu mzima kunizidi, ambaye kwa miaka mingi sijapata kumwona akila chakula cha msiba akiwa amekaa. Usiku mmoja nilimpa shikamoo pale mekoni, nikamwambia, kwa nia ya kumfariji, kwamba Mungu anaiona kazi yake.

Akaitikia marahaba, akafunika sufuria, kisha akasema, "Mwalimu, mimi kupika sikatai. Hata wangenikataza ningepika. Nataka siku moja niulizwe."

Sijasikia maelezo bora ya sura ya tano ya Wagalatia. Mwanamke huyu hakuomba apumzishwe, wala alipwe, wala atajwe. Aliomba nafasi ya kusema ndiyo. Kuitwa kunamfanya mtume. Kudhaniwa kunamrudisha kwenye lile neno la kwanza. Wanaomdhania ni watu wema, wampendao, wasioweza hata kukumbuka ni lini walianza kumdhania.

Injili ya Yohana husimulia kwamba usiku wa mwisho Yesu aliwaosha miguu wanafunzi wake, kazi iliyokuwa ya watumwa. Aliwaosha wote, na Yuda alikuwamo. Petro alikataa kwanza, na hakuburutwa. Alielezwa mpaka akataka mwenyewe, tena akataka kuoshwa zaidi ya miguu. Jambo ambalo wahubiri hulipita haraka ni mpangilio wa hadithi: aliosha kwanza, akavaa mavazi yake, akaketi, ndipo akasema nao habari ya kuoshana. Hakuna mtu mezani pale aliyeambiwa aoshe kabla miguu yake haijakauka.

Makanisa kadhaa huukumbuka usiku huo kila Alhamisi Kuu kwa ibada ya kuosha miguu. Tarehe 28 Machi 2013 Papa Fransisko aliacha makanisa makubwa ya Roma akaenda katika gereza la vijana la Casal del Marmo, akawaosha miguu vijana kumi na wawili waliofungwa, wasichana wakiwamo, na Waislamu wakiwamo. Kwetu mtaani tunachagua wazee kumi na wawili wa kanisa. Kila mmoja huja akiwa amekwisha kuiosha miguu yake nyumbani, kwa sabuni, ili asimwaibishe mchungaji. Maji huwekwa uvuguvugu. Anayeyapasha moto ni jirani yangu yule, ambaye baada ya kuyaleta huketi benchi la nyuma, karibu na mlango, ili ibada ikikaribia kwisha awahi kutoka kuandaa chai.